Bahari Isiyo na Pwani

Kitendawili! Usiitikie kwa uvivu, itikia kama mtu aliyeshiba. Bahari yangu haina pwani, haina mawimbi, na kila asubuhi naifuta vumbi.

Fikiri. Sina haraka, sufuria bado haijachemka. Unasema beseni? Nani anafuta beseni vumbi? Unasema picha ya ukutani? Umekaribia, lakini picha hailishwi. Haya, umeshindwa, nipe mji. Mji wako nimeupokea, ingawa sina pa kuuweka, maana chumba changu kimejaa mafundo ya uzi na vitambaa vya kufuma. Jibu ni tangi la samaki la mkwe wangu.

Liko sebuleni kwetu, mkabala na dirisha, refu kuliko kitanda changu. Ndani yake kuna maji ya chumvi, mawe, samaki na matumbawe. Na nisemapo matumbawe usifikirie yale makavu yanayowekwa juu ya kabati kama pambo. Haya ni hai. Yanakula, yanalala, yanaamka, yanakasirika. Moja kubwa la kijani lenye vidole vingi tulilipa jina la Shangazi, kwa sababu likifurahi linanyoosha vidole vyote kama mtu anayepokea wageni mlangoni, na likinuna linavikunja vyote, hata umwimbie.

Mkwe wangu ni fundi wa meno ya bandia. Siku nzima anainama mezani akilinganisha rangi ya jino na jino, na akirudi nyumbani anainama tena mbele ya tangi. Kichwa chake hakina unywele hata mmoja, kinang'aa tangu ujana wake, na taa ya tangi ikiwaka utadhani mwezi umechomoza katikati ya sebule. Binti yangu anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Mimi nafuma, nafuta vumbi, nategea watu vitendawili. Ndivyo tulivyokuwa watatu, na bahari yetu.

Sasa nikueleze jambo la maji, nami nitakueleza kama nilivyoelezwa, kwani darasa langu liliishia shule ya msingi na mengine nimeyapata kwa kuuliza. Samaki anakula. Akila, anachafua. Uchafu ule unaliwa na vijidudu, navyo vikishakula vinaacha kitu chao, na kingine kinakula kile, na mwisho wa mlolongo wote kinabaki kitu kinaitwa naitreti. Hakina rangi, hakina harufu. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi ya mtoto, kumbe yamejaa naitreti hadi shingoni. Samaki wanavumilia. Matumbawe hayavumilii, yanajikunja, yanafifia, na usipoangalia yanakwenda kimyakimya.

Basi chini ya tangi kuna kabati, na ndani ya kabati kuna tangi jingine dogo. Maji yanashuka huko, yanazunguka, kisha pampu inayarudisha juu. Huko chini mkwe wangu anafuga mwani. Ni fundo la nyuzi za kijani lililojisokota kama nywele za mtu aliyetoka kulala, nalo lina taa yake peke yake. Kazi ya mwani ni kula naitreti. Unakula, unanenepa, halafu mkwe wangu anaunyofoa konzi moja, anautupa nje kwenye miche ya maua, na naitreti imeshatoka nyumbani bila kujua nani kaifungulia mlango.

Kila mwisho wa juma anachota maji kwenye kichupa, anadondosha dawa, anatikisa, tunasubiri. Maji yakigeuka njano ya limau, tunakunywa chai kwa raha zetu. Yakigeuka rangi ya chungwa, anakuna upara. Nyekundu tulikuwa tunaijua kwenye kadi ya kulinganishia rangi tu.

Ndipo akaja kivyere wangu.

Kivyere ni mzazi mwenzangu, baba yake mkwe wangu. Yeye alizaa mume, mimi nilizaa mke, tukagawana wajibu wa kuwaombea. Maisha yake yote alikuwa kinyozi. Mke wake alifariki mwaka uliotangulia, na baada ya hapo akafunga duka lake la kunyolea, akasema magoti hayataki tena kusimama. Akaja kwetu na sanduku moja la kahawia lililofungwa kwa mkanda wa suruali, na kifuko cha ngozi chenye mkasi, kitana na wembe wake.

"Nimekuja kusalimia," alisema.

"Salamu za sanduku kubwa namna hii?" nikamuuliza.

"Kivyere, mtu mzima hutembea na shuka yake."

Siku ileile mezani, mwanawe akamuuliza, tena kwa upole, akiangalia sahani yake mwenyewe. "Baba, utakaa nasi moja kwa moja, au unarudi?"

Mzee akatia kijiko kwenye mchuzi, akakoroga pasipo na cha kukoroga. "Chakula kitapoa," akasema.

Hilo halikuwa jibu, na sote tulijua. Lakini mtoto hamwulizi baba yake mara mbili. Swali likabaki pale mezani kama kijiko cha ziada, likawa linaandaliwa nasi kila mlo, na hakuna aliyelishika.

Mimi nilikuwa nataka akae. Nasema wazi, sina sababu ya kuficha. Mwanawe alimhitaji, na nyumba yenye wazee wawili ina mtu wa kumcheka mwenzake. Lakini kila nikipita mlangoni kwake niliona sanduku liko sakafuni, nguo anazitoa humo na kuzikunja kuzirudisha humohumo, na kabati la nguo tulilomfungulia liko tupu, limekaa na hanga zake kama miti isiyo na ndege.

Vitendawili alikuwa havitaki. Nikimtegea, ananiangalia kama mteja aliyekaa kwenye kiti kisicho chake.

"Kivyere, mimi ni mtu wa nywele," ananiambia. "Mambo ya mafumbo nimekuachia wewe."

Na nywele zenyewe ziko wapi? Mimi najifunga kitambaa. Binti yangu anasuka kwa mwanamke wa mtaa wa pili na hataki kuguswa na mkasi. Na mwanawe ndiye huyo niliyekwambia.

"Mtoto wa pekee," alisema siku moja akimtazama mwanawe ameinama mbele ya tangi, "nikamlea kwa mkasi huu, nikamsomesha kwa mkasi huu, naye akaniotea upara. Angalau angebakiza pembeni."

"Baba, pembeni palikuwepo, ulipamaliza mwenyewe," mwanawe akajibu bila kugeuka.

Tulicheka. Lakini nilimwona mzee akipapasa kifuko chake cha ngozi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kiti kizuri, chai na mto wa mgongo. Jembe hatukumpa, tukidhani huo ndio upendo.

Jambo moja nililiona nikashindwa kulielewa. Kila jioni alikuwa anautoa mkasi wake, anaufuta kwa kitambaa, anaupaka mafuta ya cherehani aliyomwomba binti yangu. Nikasema moyoni, maskini, anaukumbuka ujana. Sikujiuliza mkasi usiofanya kazi unapata wapi unyevu.

Hayakupita majuma mengi, Shangazi akanuna.

Kwanza alikunja vidole vya pembeni. Halafu vya katikati. Rangi yake ya kijani ikawa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mkwe wangu akapima maji: rangi ya chungwa. Akakuna upara. Akabadilisha maji ndoo kwa ndoo, akichanganya chumvi ya pakiti na maji yaliyochujwa, nami nashika mpira wa maji. Juma lililofuata akapima tena, na kichupa kikawa chekundu. Chekundu kabisa. Tulikitazama kama watu walioletewa habari ya msiba.

"Nani anawaongezea chakula?" akauliza.

Binti yangu akanitazama mimi.

"Usinitazame hivyo," nikasema. "Mimi nikimpa mtu chakula, anakuja kushukuru. Hawa hawajawahi kushukuru."

Akapunguza chakula mpaka samaki wakawa wanatukodolea macho kila mtu akipita. Akaosha mashine yake nyingine, inayokusanya uchafu wa maji kwa povu. Akasugua kioo. Akafungua kabati la chini, akaona mwani umepungua, umekuwa mfupi na mwembamba, akasema taa yake imechoka, akanunua nyingine. Mwani haukuota. Kichupa kikabaki chekundu. Mkwe wangu akawa anakula bila kuongea, na nilijua anachofikiri: Shangazi alimnunua akiwa kipande kidogo kama ukucha, akamlea mpaka akawa hivyo, na sasa anamwona anakwenda na hajui amemkosea nini.

Asubuhi moja tuko jikoni, mimi na binti yangu, tunamenya viazi.

"Mama," akasema, "maji haya hayakuwahi kuharibika. Yameharibika tangu Baba aje."

"Mzee na maji, wapi na wapi?"

"Sisemi ni yeye. Nasema tangu aje. Labda anawatupia mkate. Wazee wanapenda kulisha."

"Mzee mwingine ndiye huyu anayekumenyea viazi."

"Wewe si mzee, wewe ni mama."

Nikageuka kucheka, nikamwona kivyere amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Alikuwa amekuja kukirudisha. Akakiweka mezani taratibu, kwa namna mtu anavyoweka kitu asichotaka kisikike.

"Ahsante kwa chai," akasema, akaondoka.

Binti yangu akafunika mdomo kwa mkono wenye maganda. "Amesikia?"

"Ana masikio ya kinyozi," nikamwambia. "Miaka yote hiyo anasikiliza watu wakiongea chini ya mkasi. Amesikia mpaka nukta."

Binti yangu alimfuata kumwomba radhi, na mzee akamwambia hakuna kosa, mwanangu, wala sikusikia kitu. Lakini nilipopita mlangoni kwake mchana, sanduku lilikuwa limesimama wima, limefungwa mkanda.

"Jumamosi asubuhi naondoka," akaniambia. "Nimesalimia vya kutosha."

"Unarudi kwa nani?"

"Kuna majirani."

"Majirani wanakukorogea uji?"

Akatabasamu. "Kivyere, hicho nacho ni kitendawili?"

Nilikwenda kulala usingizi wangu wa mchana nikiwaza sanduku lile, na ndiyo maana sikulala vizuri. Ijumaa hivyohivyo: mkwe wangu yuko kazini kwake, binti yangu chumba cha mbele na cherehani yake inanguruma, mimi nimejilaza nageuka upande huu na huu. Cherehani ikanyamaza kidogo, labda uzi ulikatika. Na katika ule ukimya nikasikia sauti.

Kwichi. Kwichi, kwichi. Kwichi.

Mkasi. Lakini si mkasi wa cherehani, ule una sauti nzito. Huu ulikuwa mwepesi, wa haraka, unakata hewa mara mbili kabla ya kukata kitu. Yeyote aliyewahi kusubiri mtoto anyolewe anaujua.

Nikavaa kandambili zangu, nikazivua tena nisisikike, nikaenda pekupeku hadi sebuleni.

Mlango wa kabati la chini ulikuwa wazi. Kivyere wangu amepiga magoti, yaleyale yasiyotaka kusimama, taulo jeupe limewekwa begani, mikono ya shati imekunjwa. Mkono wa kushoto umeshika kitana, wa kulia mkasi, na yote miwili imo ndani ya tangi dogo. Alikuwa anauinua mwani kwa kitana, tabaka kwa tabaka, na kuukata ncha.

"Tulia," alikuwa anauambia. "Usitikisike, nakumalizia nyuma. Nani alikukata kabla yangu? Amekunyofoa kama kuku."

Nikajishika ukutani. Kicheko kilinitoka kwa tumbo, kikanikalisha chini pale pale kwenye mkeka.

Mzee akashtuka, akatoa mikono, maji yakamtiririka mpaka kwenye viwiko. "Kivyere! Si umelala?"

"Nimelala, naota kinyozi anamnyoa kabati. Unafanya nini?"

Akajifuta kwa taulo, hadhi ikamrudia kidogo kidogo. "Lilikuwa limekaa vibaya," akasema. "Tangu siku ya kwanza nililiona. Kichaka! Mwanangu mtu msafi, meno ya watu anayatengeneza yanang'aa, halafu kabatini kwake kumeota kichaka. Nikasema, mkono unawasha, hakuna kichwa ndani ya nyumba hii, ngoja nimsaidie. Nalitengeneza kidogo kidogo mchana, nisimwamshe mtu. Na leo nimekuja kulimalizia, kwa kuwa sipendi kuondoka mteja yuko nusu."

"Unalikata kila siku?"

"Kila siku iliyo na nafasi. Linaota haraka. Lilikuwa linaota haraka, sasa limetulia." Alilisema hilo kwa fahari.

Nikasogea kwa makalio mpaka mlangoni pa kabati, nikachungulia. Vipande vidogo vya kijani vilikuwa vinaelea, vinazunguka, vinashuka polepole nyuma ya mawe kwenye kona ya giza.

"Kivyere," nikasema, "na nywele ulizokata zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda na maji."

"Maji yanakwenda wapi?"

"Yanapanda juu, yanarudi chini." Akaonyesha kwa mkasi. "Yanazunguka."

"Dukani kwako ulikuwa unaacha nywele sakafuni?"

Alikaribia kukasirika. "Mimi? Dukani kwangu mteja wa pili hajawahi kukanyaga nywele za mteja wa kwanza! Ufagio wangu ulikuwa unasimama karibu na kiti. Nakata, nafagia. Nakata, naf..."

Akatazama kile kipande kimoja cha kijani kilichokuwa kinashuka. Akakifuata kwa macho mpaka kikatoweka nyuma ya jiwe.

"Zinaoza," akasema.

"Zinaoza. Na mwani wenyewe ndio mlaji. Naitreti yote aliyokuwa ameila, unamkata, inamwagika palepale. Halafu umemnyoa mpaka hana mdomo wa kulia nyingine."

Mzee akakaa chini kwenye mkeka, kando yangu, taulo begani. Juu yetu Shangazi alikuwa amekunja vidole vyake vyote. Hakuna aliyecheka sasa.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Yule binti alisema kweli."

"Alisema umewapa mkate."

"Usimwambie mwanangu, kivyere. Niache niondoke kesho, maji yatajirudi yenyewe, watasema ilikuwa taa."

"Mimi simwambii," nikasema. "Utamwambia mwenyewe. Sanduku ukilibeba na siri hii ndani, halitabebeka."

Jioni ile, chakula kikiwa bado jikoni, mkwe wangu aliingia akaenda moja kwa moja kwenye tangi kama kawaida yake. Baba yake akamfuata, akatoa kifuko cha ngozi, akaweka mkasi na kitana juu ya meza ndogo.

"Mwanangu, mwani wako haukuumwa," akasema. "Nilikuwa naunyoa."

"Unau... nini, Baba?"

"Naunyoa. Mchana. Na sikufagia."

Mkwe wangu alitazama mkasi, akatazama kabati, akanitazama mimi. Mimi nikatazama ufumaji wangu. Akapiga magoti, akafungua kabati, akaingiza mkono nyuma ya mawe, lakini kiganja chake ni kinene na kona ni nyembamba.

"Sogea," baba yake akasema. "Huo mkono wa mama yako, haufai kwa kazi ndogo."

Akaingiza mkono wake mwembamba na kitana, akavuta taratibu kuelekea kwake, kama mtu anayechana mtoto mwenye kichwa kinachouma. Likatoka tope la kijani linalong'ang'ania meno ya kitana. Akavuta tena. Na tena. Beseni nililomsogezea likajaa nusu, na harufu ikafika chumba cha mbele, kwa maana binti yangu aliingia amebana pua, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni.

"Nani amekufa?"

"Mteja wa Baba," mumewe akasema, na hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka mpaka upara ukawa mwekundu kama kile kichupa. Binti yangu naye akaelezwa, akacheka mpaka akaegemea mlango. Kivyere peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika beseni kama mtu aliyekuja na zawadi mbaya.

"Nimekuharibia Shangazi yako," akasema.

Mkwe wangu akafuta macho. Akaketi sakafuni sawasawa na baba yake. "Baba, nisikilize. Mwani lazima ukatwe. Usipokatwa unajisonga, wa ndani unakosa mwanga, unaoza mwenyewe. Mimi huwa nausahau mpaka uzibe pampu, halafu naunyofoa kwa hasira."

"Kama kuku," nikasema.

"Kama kuku. Wewe umeukata vizuri kuliko mimi. Kilichokosekana ni ufagio tu, na kumwachia mteja nywele kidogo."

"Sasa dawa yake nini?"

"Sasa tusubiri ziote. Zitachukua muda gani, sijui."

Mzee akainama akautazama ule mwani mfupi chini ya taa yake. Akaugusa kwa ncha ya kidole, akaupindisha, akautazama kwenye shina, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeulizwa jambo analolijua.

"Nywele haziharakishwi," akasema. "Ukimkata mtu vibaya, dawa ni kofia na subira. Kesho siondoki. Siwezi kumwacha mteja na kichwa hiki. Nitaondoka zikiota."

Basi sanduku likabaki pale pale, limefungwa mkanda, nalo likisubiri nywele.

Tulibadilisha maji. Samaki wakarudishiwa chakula chao cha kiasi. Mzee akapewa ufunguo wa kabati, maana mkwe wangu alisema chombo kiwe na mwenyewe. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kufuta vumbi, namkuta amechutama anaangalia mwani wake.

"Umeota?" namuuliza.

"Umefika masikioni."

Mwisho wa juma kichupa kilikuwa chekundu bado, lakini chekundu cha kupauka. Kisha kikaja rangi ya chungwa, mkwe wangu akakuna upara kwa furaha, nikajua hata kukuna kuna aina zake. Binti yangu akashona taulo jembamba lenye mfuko, la kinyozi wa tangi, na mzee akalikubali akisema tu kwamba mshono wa pembeni umekwenda upogo, ndipo nikajua wamepatana kabisa.

Siku ya kunyoa ikafika. Tulikuwepo sote. Aliweka beseni kushoto na wavu mdogo kulia. Aliutoa mwani wote nje ya maji, akauweka kwenye beseni, akaukata akiwa ameushikilia hewani, kwichi kwichi, akaacha nusu yake na zaidi. Nyuzi zilizokatwa zikabaki kwenye beseni. Akapitisha wavu ndani ya maji, mara mbili, hata pasipo na kitu. Akaurudisha mwani, akajikung'uta begani vumbi ambalo halikuwepo.

"Anayefuata," akasema, na mwanawe akainamisha upara wake mbele yake, tukacheka wote.

Jioni ya siku ile Shangazi alinyoosha kidole kimoja. Kimoja tu, cha pembeni, kama mtu anayejaribu maji kabla ya kuoga. Mkwe wangu alikiona kwanza, akatuita kwa mkono bila kusema, tukasimama pale wanne tukikitazama kidole kile mpaka mchuzi ukaungua kidogo.

Tukala mchuzi wetu wenye moshi. Hakuna aliyelalamika. Katikati ya chakula, mzee akaweka kijiko chini.

"Kitendawili," akasema.

Mkono wangu ulisimama njiani kwenda mdomoni. Tangu aje, hajawahi.

"Tega!" tukaitikia, na mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

"Sanduku langu tupu, na sikuibiwa."

Jibu lilinijia saa ileile, likanikaa ncha ya ulimi. Wewe unanijua sasa, unajua ilivyo kazi kwangu kunyamaza. Lakini halikuwa langu. Nikauma ulimi, nikamtazama mkwe wangu.

Mkwe wangu alimtazama baba yake muda mrefu. Nadhani naye alikuwa nalo. "Nimeshindwa, Baba," akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa huu huu. Na nyumba hii ndani yake."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu na kukipima uzito. "Nimeupokea," akasema. "Nimekwenda katika mji huo, nimefika, nimekuta watu wake wana bahari isiyo na pwani na mwani unaohitaji kinyozi. Wakanipa kabati, nikaning'iniza nguo zangu zote leo asubuhi. Hanga mbili zimepungua, mniletee." Kisha akamgeukia mwanawe, akamwangalia usoni kama siku ile alivyopaswa kumwangalia. "Uliniuliza swali, nami nikakwambia chakula kitapoa. Nakaa."